Heshima ya Mzazi Anayejitolea

Katika kila shule wako watu ambao kazi yao ina jina. Yuko mwalimu mkuu, wako waalimu wa madarasa, yuko kiranja apigaye kengele. Lakini katika shule nyingi yuko mtu mwingine ambaye kazi yake haina jina. Haitwi mwalimu, hapati mshahara, wala hatajwi katika daftari la mahudhurio. Walakini asipofika siku moja, shule nzima hujua kwamba hakufika. Mtu huyo ndiye mzazi anayejitolea.

Katika somo hili tutaeleza mambo matatu: mzazi huyo ni nani, kazi yake ni kubwa kiasi gani, na jinsi ipasavyo kumheshimu. Jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote. Watu wengi hudhani ya kuwa wanajua kumheshimu mwenzao, kumbe wanamvika kilemba cha ukoka.

Pengine baadhi yenu hamjui maana ya msemo huo. Watu wa pwani walikuwa na desturi ya kumpa fundi kilemba. Kijana akiisha kujifunza kazi, mathalan ya useremala au ya kushona, alimpa fundi wake kitambaa cha kilemba, au fedha badala yake, iwe alama ya shukrani. Kilemba hicho kilikuwa na thamani ya kweli. Bali ukoka ni majani tu. Ukimvika mtu kilemba cha majani asubuhi, jioni kimekwisha kunyauka, naye hana kitu cha kupeleka nyumbani. Kwa hiyo mtu akisifiwa kwa maneno matamu yasiyo na kitu ndani yake, husemwa kwamba amevikwa kilemba cha ukoka. Lishikeni neno hili, maana tutalihitaji mbele.

Mzazi anayejitolea ni nani?

Kwanza tutofautishe wajibu na kujitolea. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 humtaka kila mzazi ampeleke mtoto wake shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria. Tena, ingawa tangu Januari 2016 elimu hutolewa bila ada toka shule ya msingi hata kidato cha nne, mzazi bado hununua sare na madaftari ya mtoto wake. Mzazi afanyaye hayo ni mzazi mwema; ametimiza lililo juu yake.

Anayejitolea ni yule avukaye mpaka wa wajibu wake. Humjua kwa alama tatu. Alama ya kwanza, hafanyi kwa kulazimishwa. Ya pili, hafanyi kwa ajili ya malipo. Ya tatu, hafanyi kwa ajili ya mtoto wake peke yake, bali kwa watoto wote, hata wa yule jirani ambaye hawasalimiani. Alama moja ikikosekana, kazi yaweza kuwa nzuri, lakini si ya kujitolea. Mchango uliotozwa kwa vitisho haugeuki kuwa wa hiari kwa sababu umeitwa hivyo katika mkutano. Wahenga walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maana yake, usidhani kwamba atoaye hutoa kwa kuwa ana mali nyingi. Hutoa kwa kuwa moyo wake umemwelekeza.

Sasa tuitazame pwani yetu, toka Mikindani na Mtwara mjini, tukienda kusini mpaka Msimbati, hata tufike mahali ambapo mto Ruvuma huingia baharini katikati ya mikoko, na ng'ambo yake ni nchi ya Msumbiji. Katika vijiji vya upande huu, wazazi wanaojitolea hufanya kazi za namna tatu.

Namna ya kwanza ni kazi za mikono. Mzee mmoja hujua useremala, naye huja na msumeno na nyundo kutengeneza madawati yaliyovunjika. Mwingine husuka makuti ya kuezekea banda la jiko. Mama mmoja hupika uji wa watoto. Kazi hizi huonekana kwa macho, kwa hiyo watu huzikumbuka upesi kuliko nyingine.

Namna ya pili ni kazi za mdomo. Msimu wa korosho ukifika, kati ya Oktoba na Desemba, watoto wengine hupelekwa mashambani kuokota korosho wakati wenzao wako darasani. Tena ziko siku za jando na unyago, ambazo zikiangukia katikati ya muhula huweza kumtoa mtoto shuleni kwa wiki nyingi. Hapo hutakiwa mtu mzima aendaye nyumba kwa nyumba jioni, aketi mkekani, aulizie hali, kisha aseme polepole, "Ndugu yangu, mtoto simwoni shule. Kuna nini?" Mwalimu akienda, pengine huonekana kama askari. Akienda shangazi wa kijiji, ambaye mwenyewe alichezwa unyago na kuwacheza mabinti wengine, neno lake hupokewa. Yeye ndiye awezaye kuwaambia wazee kwamba mila si lazima ishindane na shule, bali shughuli yaweza kuwekwa ndani ya likizo. Kazi hii haionekani. Hakuna atakayepiga picha ya mama akiongea mkekani. Lakini binti aliyerudi darasani kwa maneno hayo aweza kuwa muuguzi, na wale waliopona mikononi mwake hawatajua kamwe jina la shangazi yule.

Namna ya tatu ni kazi za macho. Wakati wa masika Ruvuma hufurika, na maji huingia katika mabonde ambayo wakati wa kiangazi ni njia za kawaida. Mto ule una mamba na viboko. Mzazi asimamaye asubuhi na alasiri karibu na maji, akawahesabu watoto wapitapo na kuwazuia wasioge, hana chombo chochote mkononi isipokuwa fimbo. Kazi yake ikifanikiwa, hakuna linalotokea, na kwa kuwa hakuna linalotokea, watu husema, "Yule mzee hukaa tu pale." Huu ni mfano wa jinsi kazi njema iwezavyo kudharauliwa kwa sababu ya wema wake wenyewe.

Kazi yake ni kubwa kiasi gani?

Watu husema kwa wepesi, "Mama fulani anatusaidia sana." Neno "sana" ni neno la mvivu, kwa kuwa halipimi kitu. Chukueni kalamu na madaftari, tupime kazi ya mama mmoja apikaye uji. Jina tusimpe, maana kila kijiji kina mama yake wa namna hii, na kila mtoto ajaze jina alijualo.

Tuseme shule ina watoto 200, na kila mtoto hunywa kikombe kimoja cha robo lita. Uji wote ni lita 50. Kwa kuwa mengine hupotea kwa mvuke, mama atahitaji ndoo 3 za maji, kila ndoo lita 20. Kisha yahitajiwa maji ya kunawia mikono, ya kuosha vikombe na kusugulia masufuria. Tuseme ndoo 3 nyingine. Jumla ni ndoo 6 kwa siku.

Mwaka wa shule katika Tanzania huwa na siku 194 za masomo. Zidisha 6 kwa 194. Jibu ni 1,164. Basi mama huyu huchota ndoo 1,164 kwa mwaka. Ndoo moja ya maji ina uzito wa kilo 20, mbali na uzito wa ndoo yenyewe. Zidisha tena, nawe utapata kilo 23,280, yaani zaidi ya tani 23. Gari la kubeba tani 7 lingefanya safari tatu, na bado maji mengine yangebaki chini.

Sasa tupime njia. Tuseme kisima kiko nusu kilometa kutoka jikoni. Kwenda na kurudi ni kilometa moja kwa kila ndoo. Kwa hiyo ndoo 1,164 ni kilometa 1,164. Toka Mtwara hata Dar es Salaam kwa barabara ni yapata kilometa 560. Kwenda na kurudi ni 1,120. Basi mama huyu, ambaye watu husema kwamba hatoki kijijini, kila mwaka hutembea kwa miguu mwendo wa kwenda Dar es Salaam na kurudi Mtwara, na katika nusu ya safari hiyo ana maji kichwani. Wala bado hatujahesabu kuni, wala kukoroga, wala moshi uingiao machoni.

Tena iko gharama ambayo haipimwi kwa ndoo. Ninyi watoto wa pwani mnajua maji ya bamvua. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hujaa mno na kupwa mno. Katika siku hizo, upande huu wa pwani, maji hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano ya asubuhi. Mwamba huonekana, na wanawake huenda na vijiti vyao kuchokoa pweza na kuokota kombe. Ndizo siku za riziki. Pweza mmoja mkubwa akiuzwa ni mafuta ya taa, chumvi na madaftari ya watoto. Lakini saa nne ndiyo saa ya uji. Wenzake wanaporudi na vikapu vizito, mama huyu yuko jikoni na upawa mkononi. Atakapokwisha kugawa kikombe cha mwisho, bahari imekwisha kuanza kujaa, na bahari haimngoji mtu. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kazi ya kujitolea haina bei. Bei iko, ila mwenye kuilipa ni mama mwenyewe.

Je, pasipo yeye ingekuwaje? Fikirini miezi ya Januari, Februari na Machi, wakati chakula cha mwaka jana kimepungua ghalani na kipya bado kiko shambani. Watoto wengine hutoka nyumbani asubuhi pasipo kula neno. Mama wa uji akishikwa na homa siku tatu, na asiwepo wa kushika upawa, siku ya kwanza watoto hunung'unika. Siku ya pili, wale wadogo wa darasa la kwanza hulaza vichwa juu ya madawati. Siku ya tatu, kengele ya saa nne ikipigwa, wengine hushika njia ya nyumbani, na hawarudi kwa somo la hesabu. Mwalimu ni yule yule, na vitabu ni vile vile. Kilichopungua ni ndoo sita za maji na mtu wa kuzibeba.

Shule zetu zilijengwa na mikono ya nani?

Jambo hili si geni. Tukichunguza habari za shule za Afrika ya Mashariki, tutaona kwamba katika kila zama ilikuwapo mikono ya wazazi chini ya msingi.

Katika pwani hii, kabla ya shule za Serikali na za misheni, vilikuwapo vyuo vya Kurani. Watoto walijifunza kusoma katika baraza ya mwalimu wao, na jamaa zao ndio waliomsaidia mwalimu huyo apate kuishi. Bara kidogo, mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliongoza watu waliokombolewa katika utumwa, toka Unguja hata Lindi kwa chombo, kisha kwa miguu mpaka Masasi, wakaanzisha kijiji chao huko. Jina la Steere limo katika vitabu vingi. Wale waliofyeka pori, wakakata miti na kukandika kuta, aghalabu hutajwa kwa neno moja tu: "watu waliokombolewa."

Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 1939 Wakikuyu walianzisha chuo cha waalimu huko Githunguri. Watu walichanga rika kwa rika, kila rika likitaka kulishinda jingine kwa kutoa. Wanawake nao walichanga ili wasichana wapate bweni lao. Chuo kile kilifungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952, lakini desturi ya wananchi kujenga shule kwa mikono yao haikufungwa nacho. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 ilienea nchini kote kwa jina la harambee.

Katika Tanganyika, mwaka 1955, kiliundwa chama cha wazazi Waafrika kilichojulikana kwa herufi TAPA. Wakati ule watoto wengi walikosa nafasi katika shule za Serikali na za misheni. Wazazi hawakukaa wakilia. Walifungua shule zao wenyewe, nyingine chini ya mapaa ya nyasi. Chama hicho ndicho asili ya Jumuiya ya Wazazi ya leo. Kisha, Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi ya kusoma. Kazi ya kujenga madarasa ilikuwa kubwa mno, na wanavijiji waliifanya kwa mikono yao.

Tena mwaka 2001 serikali ya Rais Benjamin Mkapa, ambaye alikuwa mzaliwa wa Lupaso katika wilaya ya Masasi, ilifuta ada katika shule za msingi, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioitwa MMEM kwa kifupi. Wanafunzi waliongezeka toka yapata milioni 4 na nusu mwaka 2000 hata karibu milioni 8 mwaka 2006. Serikali ilitoa fedha za mabati, saruji na mafundi. Lakini mchanga, mawe, maji na matofali yalitoka wapi? Mara nyingi yalitoka vichwani na mabegani mwa wanavijiji.

Mwaona basi jinsi mambo yalivyo. Tarehe za maazimio twazijua, na majina ya viongozi twayajua. Ni haki kuyajua. Lakini aliyebeba mawe ya darasa mnalokalia leo ni nani? Huenda ni babu yenu, naye hajaulizwa hata siku moja.

Kilemba cha kweli

Sasa tumefika kwenye jambo lile gumu. Shule imeamua kumheshimu mzazi wake. Ifanye nini?

Kwanza niseme lisilofaa, kwa kuwa huonekana mara nyingi. Siku huwekwa, wageni hualikwa, na mama huambiwa aje mapema. Kwa kuwa yeye ndiye mpishi hodari, hupewa pia kazi ya kupika pilau ya wageni! Wageni huchelewa. Hotuba huwa ndefu, na kila msemaji hurudia kwamba mama huyu ni nguzo, ni taa, ni mfano wa kuigwa. Mwishowe huitwa toka jikoni, mikono ikiwa bado na unga, hupewa doti ya khanga, hupigiwa makofi na vigelegele, kisha hurudi kuosha masufuria. Kesho yake ndoo ni zile zile sita, na mbebaji ni yule yule. Kilemba hicho ni cha ukoka. Khanga si mbaya; wahenga walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Kosa ni kudhani kwamba khanga imemaliza deni.

Kilemba cha kweli kina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kuijua kazi. Siku ya mkutano, msimsifu mama kwa neno "sana." Asimame mwanafunzi wa darasa la saba asome hesabu ile tuliyoifanya: ndoo kadha, siku kadha, kilometa kadha. Watu wazima watanyamaza wakisikiliza, maana wengi wao hawajawahi kuhesabu. Naye mwenyewe ataona kwamba alitazamwa, na kwamba jasho lake halikumwagika gizani. Sifa ya kweli ni ushahidi, na ushahidi hutaka hesabu.

Sehemu ya pili ni kuiandika kazi. Kila shule na iwe na kitabu kimoja kigumu, kihifadhiwe katika kabati ya mwalimu mkuu, nacho kiandikwe jina la kila anayejitolea, tarehe, na kazi aliyofanya. Kiandikwe kwa usawa: mzee wa madawati, shangazi wa mkekani, mlinzi wa njia ya maji, pamoja na mama wa uji. Mtu atoaye fedha nyingi asiandikwe kwa herufi kubwa kuliko atoaye siku zake. Kama wajukuu wa watu wa Masasi wangekuwa na kitabu cha namna hii, wangesoma humo majina ya mababu zao wote. Nanyi anzeni sasa, wakati wenye kazi wangali hai na waweza kusomewa majina yao. Kumsifu mtu kaburini ni vema, lakini yeye hasikii.

Sehemu ya tatu, nayo ni kubwa kuliko hizo mbili, ni kuupunguza mzigo. Ukimkuta mtu njiani amebeba gogo peke yake, usisimame kando ukamwimbia sifa. Shika upande wa pili.

Turudi kwenye hesabu. Wakipatikana wazazi 30, wanaume kwa wanawake, wakapanga zamu ya kuchota maji, kila mmoja atapata zamu yake mara sita au saba tu kwa mwaka mzima. Kazi iliyomlemea mmoja kwa siku 194 haitamlemea yeyote kati ya 30. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tena asiseme mtu kwamba maji ni kazi ya wanawake. Kichwa cha mwanamume nacho hubeba ndoo, na baiskeli yake hubeba mbili au tatu.

Iko njia nyingine. Tuseme paa la darasa la mabati lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 8. Eneo lake ni mita za mraba 160. Mvua ya milimeta moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Basi mvua moja nzuri ya milimeta 25 huangusha lita 4,000 juu ya paa hilo. Hata tukisema robo imepotea, zimebaki lita 3,000, yaani ndoo 150, nazo ni maji ya uji na ya kuoshea kwa siku 25 za shule. Hutakiwa mfereji wa bati ukingoni mwa paa, bomba, na tangi lenye mfuniko. Maji ya kwanza ya mvua yaachwe yapite, kwa kuwa husafisha vumbi la paa. Yanayofuata yahifadhiwe, na ya kunywa yachemshwe. Katika Mtwara mvua huanza Novemba au Desemba, zikaendelea hata Aprili. Kwa muda huo paa lenyewe laweza kuwa msaidizi wa mama. Kamati ya shule ikitaka kumtunza kwa zawadi idumuyo, hapana zawadi impasayo kuliko mfereji ule. Na siku ya bamvua, kwa kuwa zamu ni ya mwingine, yeye pia ataonekana mwambani na kikapu chake.

Labda mtu atauliza, "Je, tukimpunguzia kazi, hatutakuwa tumemwondolea sifa yake?" La. Anayejitolea kwa moyo hakutaka kuwa peke yake. Alikuwa peke yake kwa sababu wengine hawakuja. Tena shule inayotegemea mgongo wa mtu mmoja iko hatarini kila siku, kama nyumba ya nguzo moja. Mtu huyo huugua, huzeeka, huhama, hufa. Wakiwapo watu 30 wanaoijua kazi, shule husimama, na ile kazi aliyoianza yeye haizimiki pamoja na moto wake. Wahenga walisema pia, Heshima si utumwa. Anayeheshimiwa asifanywe mtumwa wa sifa zake, akaogopa kusema, "Leo nimechoka."

Nanyi wanafunzi mnayo sehemu yenu. Msingoje kamati. Kesho asubuhi, kabla ya kengele, nendeni watatu watatu mpaka kisimani. Hesabuni hatua toka kisimani hadi jikoni, mziandike. Ulizeni ndoo ngapi huchotwa kwa siku. Kisha zidisheni kwa 194, mkamsomee jibu mama anayewapikia, mkimwamkia kwanza kwa heshima kama ipasavyo: "Shikamoo, mama." Akiisha kuitikia "Marahaba," msiondoke. Mwulizeni ndoo iliyo tupu iko wapi.